Baada ya kufilisika: kagua ripoti zako tatu za mikopo, akaunti moja moja

Amri ya mahakama ya kunifutia madeni ilinifikia kwa posta Julai 2021, kurasa mbili tu, fomu namba 318. Niliisoma nikiwa bado nimesimama mlangoni, nikalia, kisha nikaifungia kabatini nikijua mambo yamekwisha. Februari iliyofuata niliomba nyumba ya kupanga hapa Columbus, Ohio, nikanyimwa. Msimamizi wa majengo hakuninyima kwa sababu nilifilisika, maana hilo nilimwambia mwenyewe siku ya kwanza. Alininyima kwa sababu ripoti yangu ya mikopo, yaani kumbukumbu ya madeni yangu na jinsi nilivyoyalipa, ilionyesha kadi moja yenye deni la dola 4,312, limepitiliza muda wa kulipwa. Deni hilo hakimu alikuwa amelifuta miezi saba nyuma.

Tangu siku hiyo nimekaa mezani na wenzetu kadhaa waliopitia mahakama ya ufilisi hapa Marekani, na karibu kila mmoja tumemkuta na kosa kwenye ripoti. Ndiyo maana naandika. Wengi hudhani amri ya mahakama hujisambaza yenyewe. Haijisambazi kwa namna wanayodhani.

Kwanza uelewe kwamba kufilisika kunaandikwa kwenye ripoti yako mahali pawili tofauti. Mahali pa kwanza ni kwenye kumbukumbu za umma, mstari mmoja wenye namba ya kesi, mahakama na tarehe ya kufungua. Mahakama haizipelekei kampuni za ripoti za mikopo taarifa hiyo. Kampuni hizo ni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, nazo huichukua kutoka kwenye kumbukumbu za mahakama zilizo wazi kwa umma. Mahali pa pili ni kwenye kila akaunti uliyokuwa nayo, yaani kadi, mkopo wa gari, nyumba, na deni la hospitali lililouzwa kwa kampuni ya kukusanya madeni. Hapo anayeandika ni mdai mwenyewe. Mahakama humtumia notisi kwamba umefutiwa deni, lakini ni juu yake kubadilisha anachoripoti. Mwingine hubadilisha mwezi uleule. Mwingine hulala.

Mstari wa kumbukumbu za umma usikusumbue. Ni wa kweli na utakaa. Kwa kesi ya Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi, ile ya kufutiwa madeni bila mpango wa malipo, unakaa miaka 10 kuanzia siku uliyofungua kesi, si siku uliyofutiwa madeni. Hakuna barua wala kampuni inayoweza kuuondoa kihalali kabla ya hapo ikiwa taarifa zake ni sahihi. Nguvu zako zote zipeleke kwenye akaunti, kwa sababu huko ndiko kuna makosa, na huko ndiko mwenye nyumba na benki hutazama.

Kabla hujavuta ripoti, tafuta karatasi zako. Unahitaji ile amri ya kufutiwa madeni, na orodha za wadai ulizowasilisha: orodha D ya madeni yenye dhamana kama nyumba na gari, na orodha E/F ya madeni yasiyo na dhamana. Kama zimepotea, mwombe wakili wako, au zivute kwenye mfumo wa mahakama za shirikisho uitwao PACER. Mimi zangu zilikuwa kurasa nane, wadai 14.

Subiri miezi miwili au mitatu baada ya amri, wadai wapate nafasi ya kurekebisha. Kisha ingia annualcreditreport.com, ambako unapata ripoti za kampuni zote tatu bila malipo, hata kila wiki ukitaka. Vuta zote tatu. Usiridhike na moja, kwani mdai mmoja anaweza kuwa amerekebisha kwa Experian na kusahau TransUnion. Kadi yangu ya dola 4,312 ilikuwa sahihi kwenye ripoti mbili. Ile ya tatu ndiyo iliyosomwa na msimamizi wa majengo.

Zichapishe. Najua simu ipo, lakini kwenye kioo kidogo utarukaruka mistari. Mimi nilitumia rula na kalamu nyekundu. Niliweka orodha E/F kushoto, ripoti kulia, nikashuka mdai kwa mdai.

Kwa kila deni lililofutwa, tafuta mambo haya. Salio liwe sifuri. Kiasi kilichochelewa kiwe sifuri. Malipo ya mwezi yawe sifuri. Hali ya akaunti ionyeshe kwamba imejumuishwa kwenye ufilisi au imefutwa kwa Sura ya 7. Kwa Kiingereza utakuta maneno kama “Included in bankruptcy”. Na baada ya tarehe uliyofungua kesi kusiwe na mwezi wowote ulioandikwa kwamba umechelewa kulipa. Hili la mwisho watu hulisahau. Salio limeandikwa sifuri, wanashangilia, kumbe kwenye visanduku vya miezi kuna siku 60, siku 90, siku 120, miezi ambayo kesi ilikuwa tayari mahakamani na mdai haruhusiwi kudai.

Sasa, kuna usichoweza kulalamikia. Kama ulichelewa kulipa kabla ya kufungua kesi, miezi hiyo ni ya kweli na itabaki kwa takriban miaka 7 tangu ulipoanza kuchelewa. Hata neno kwamba mdai aliliandika deni kuwa hasara linaweza kubaki kama historia, ilimradi liwe limetokea kabla ya kesi na salio lisomeke sifuri. Mama mmoja alitaka tuandike kwamba hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Nilikataa. Ukichanganya dai la kweli na la uongo kwenye barua moja, anayeisoma hana tena sababu ya kukuamini lolote.

Madeni yaliyouzwa yanahitaji jicho kali zaidi. Deni moja la hospitali linaweza kuonekana mara mbili, kwa mdai wa kwanza na kwa kampuni iliyolinunua. Yote mawili yanapaswa kuwa sifuri. Tazama pia tarehe ya kuanza kuchelewa. Mnunuzi hana ruhusa ya kuweka tarehe mpya kwa sababu tu amelinunua jana. Saa ya miaka 7 inahesabiwa kutoka ulipochelewa mara ya kwanza kwa mdai wa asili. Nimeona deni la 2019 limeandikwa la 2022. Kosa hilo pekee lingemwongezea mwenye nalo miaka mitatu.

Mwaka 2008, katika kesi kwenye mahakama ya shirikisho huko California, kampuni hizi tatu zilikubali utaratibu wa kuchukulia kwamba madeni mengi ya kabla ya Sura ya 7 yamefutwa, hata kama mdai hajasema neno. Utaratibu huo umesaidia sana, lakini si kila deni linaingia humo, na ndiyo sababu kalamu nyekundu bado ina kazi.

Yapo madeni yasiyofutwa, na hayo yataendelea kuripotiwa kama kawaida: matunzo ya watoto, kodi za karibuni, na mikopo ya masomo isipokuwa umeomba mahakama kivyake ukakubaliwa. Usiyapinge.

Gari na nyumba ndiko kwenye mkanganyiko mkubwa. Ukitia saini makubaliano mapya ya kuendelea na deni, na yakawasilishwa mahakamani, deni linabaki lako na malipo yako ya kila mwezi yanaweza kuendelea kuonekana kwenye ripoti. Usipotia saini, deni lako binafsi linafutwa ingawa mkopeshaji bado ana haki juu ya mali, na wengi huacha kabisa kuripoti malipo. Mimi sikutia saini kwa gari langu. Mkopeshaji aliniacha niendelee kulipa, dola 287 kila mwezi, miezi 31 bila kukosa hata mmoja, na hakuna hata malipo moja yaliyoingia kwenye ripoti. Hata hivyo sijutii. Gari likifa leo, hakuna anayenidai. Ila kama una mpango wa kununua nyumba, muulize wakili swali hili kabla hujapata amri ya kufutiwa madeni, kwa sababu baadaye mlango huo kwa kawaida hufungwa. Na omba taarifa ya malipo kutoka kwa mkopeshaji kila mwaka, uiweke. Benki nyingine huikubali kama ushahidi.

Nimwongelee na shemeji yangu. Alinidhamini kwenye kadi moja tukiwa wageni nchi hii. Nilipofilisika mimi, deni kwa upande wangu lilifutwa, lakini kwake lilibaki lote, naye alilipa kwa shida. Hilo ndilo jambo la kesi yote ambalo bado linaniuma. Kisha kampuni ya kadi ikaongeza kosa juu ya uchungu: kwenye ripoti yake ikaandika kwamba akaunti imejumuishwa kwenye ufilisi. Alama ya ufilisi ni ya mtu, haiambatani na akaunti. Asiyefungua kesi hapaswi kuandikwa, hata kama majina yenu mawili yako kwenye mkataba mmoja. Kama mtu alikudhamini, au ulikuwa na akaunti ya pamoja na mwenzi wako, mwambie avute ripoti zake pia.

Ukishapata makosa, andika. Tovuti za kampuni hizi zina fomu za malalamiko, lakini mimi napendelea barua ya rejista yenye stakabadhi ya kupokelewa, kwa sababu unabaki na nakala ya kila neno ulilosema. Barua yangu ilikuwa fupi hivi:

“Napinga taarifa za akaunti inayoishia na tarakimu nilizoandika hapo juu. Mnaonyesha salio la dola 4,312 na malipo yaliyochelewa. Deni hili lilikuwepo kabla sijafungua kesi ya Sura ya 7 tarehe 9 Machi 2021, na lilifutwa kwa amri ya mahakama Julai 2021. Naambatanisha nakala ya amri na ukurasa wa orodha E/F wenye jina la mdai. Naomba salio na kiasi kilichochelewa visomeke sifuri, na alama zote za kuchelewa baada ya 9 Machi 2021 ziondolewe.”

Nilitafsiri kwa Kiingereza, nikaambatanisha nakala ya kitambulisho na bili ya umeme yenye anwani. Akaunti moja, barua moja. Usitume karatasi halisi, tuma nakala.

Barua hiyo iende kwa kampuni ya ripoti, si kwa mdai peke yake. Sababu yake ni ya kisheria na ni kubwa. Kampuni ya ripoti ikipokea pingamizi lako, inalazimika kumjulisha mdai, na hapo ndipo wajibu wake wa kuchunguza unapoanza kwa namna unayoweza kumshtaki akiupuuza. Ukimwandikia mdai tu, haki hiyo ya kumshtaki kwa sheria ya ripoti za mikopo huipati. Mpelekee nakala, sawa, lakini usianzie na kuishia kwake.

Wana siku 30 kuchunguza, na katika hali fulani 45. Yangu ilijibiwa siku ya 23. Salio likawa sifuri. Ya shemeji ilirudi na jibu kwamba “imethibitishwa”, yaani mdai aliulizwa akasema alichoandika ni sahihi. Tulipeleka malalamiko kwa CFPB, ofisi ya shirikisho ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, tukiambatanisha barua zote mbili, na alama ikaondolewa. Kama hata huko kungeshindikana, tungetafuta wakili wa haki za watumiaji. Sheria inaruhusu upande ulioshindwa ulipe ada ya wakili wako, kwa hiyo baadhi ya mawakili hawadai pesa mwanzoni.

Usimlipe mtu anayeahidi kuufuta ufilisi kwenye ripoti. Sheria ya shirikisho ya 1996 inakataza kampuni za kurekebisha ripoti kupokea pesa kabla ya kumaliza kazi. Anayedai dola 500 leo kabla hajagusa chochote, mkimbie.

Kwa waliofungua Sura ya 13, hesabu ni tofauti kidogo. Mpango wa malipo huenda miaka 3 hadi 5, na muda wote huo akaunti zitasomeka kwamba zimo ndani ya mpango. Usitegemee salio sifuri mpaka umalize na upate amri ya kufutiwa. Mstari wa kumbukumbu za umma kampuni huuondoa baada ya miaka 7 tangu kufungua, ingawa sheria inawaruhusu 10. Kesi ikitupwa kabla ya kumalizika, mstari unabaki na madeni yanarudi kama yalivyokuwa.

Na akaunti zako huondoka kabla ya mstari wenyewe. Mimi nilianza kuchelewa Agosti 2020, kwa hiyo kadi zile natarajia zitoweke 2027, na mstari wa mahakama Machi 2031. Tarehe hizo nimeziandika kwa kalamu ileile nyekundu nyuma ya bahasha ya fomu 318. Ikifika na kitu bado kipo, naandika barua nyingine.