Spana ya 13 haifai kwa Pacer

Wenye AMC Pacer na Gremlin huku Ulaya, magari ya Kimarekani ya miaka ya 1970 ambayo wengi huyacheka (mimi nayapenda hivyo hivyo), tafuteni spana za inchi kabla ya kugusa nati yoyote. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya milimita 13 huingia, huonekana imekaa, halafu ukitia nguvu inateleza na kula kona. Nimeharibu nati mbili jioni moja. Spana ya boksi yenye kona sita ndani hushika vizuri kuliko yenye kumi na mbili. Nati ya inchi 3/4 usihangaike, spana ya milimita 19 inatosha. Ila injini ya lita 2.3 ya Ford Pinto, gari jingine la Kimarekani, ni ya milimita. Na kona zikishalika, spana haisaidii tena, chukua koleo la kubana.