Kabla Hujarisiti Hisabati: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayesoma Mwenyewe Tanga

Kila Januari, dirisha la usajili wa watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne likishafunguliwa, watu hunijia hapa Ngamiani na swali moja: nianze na mada gani? Nami huwauliza kwanza: daftari lako atasahihisha nani?

Nauliza hivyo kwa sababu nilirisiti hisabati, yaani niliurudia mtihani wake, mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nashona nguo mchana na usiku nakaa na vitabu. Nilijaza kauntabuku tatu. Nikimaliza swali nafungua nyuma ya kitabu, jibu likilingana naweka vema, naendelea. Matokeo yalipotoka nilikuwa na F. Mara ya pili mwalimu mmoja mstaafu wa Chumbageni alikubali kusahihisha kurasa mbili zangu kila Jumamosi. Siku ya kwanza tu, shikamoo yangu haijapoa, akaweka kidole katikati ya ukurasa: "Marahaba mwanangu. Hii 2.5 imetoka wapi?" Nilikuwa nimeipata kichwani, sikuiandika. Maelekezo ya karatasi ya hisabati yanataka hatua zote za lazima zionekane waziwazi, kwa hiyo anayeandika jibu tupu anaziacha alama mezani. Kosa hilo nililirudia mwaka mzima wa kwanza na hapakuwa na jicho la kuliona. Mwaka ule wa kusahihishwa nilipata C.

Basi la kwanza, kabla ya kununua kitabu chochote, tafuta wa kukusahihisha. Si lazima awe mwalimu. Kijana aliyemaliza kidato cha sita akiwa na hisabati anatosha, na ukimlipa kidogo kwa kusahihisha, inakuja rahisi kuliko tuisheni ya kila siku. Panga naye siku maalumu. Mpelekee karatasi yenyewe, au picha kwa WhatsApp kama yuko mbali. Mwambie mapema kwamba unataka akuzungushie kila hatua uliyoiruka, hata pale jibu lilipotoka sawa. Asiyekuwa tayari kukuambia umekosea atakupotezea miezi kumi.

Usajili wenyewe hauna maneno mengi. Aliyewahi kufanya mtihani wa kidato cha nne anahitaji namba yake ya mtihani ya zamani, na majina yawe yaleyale yaliyomo kwenye matokeo ya kwanza. Ambaye hakufika huko huanza na QT, yaani Mtihani wa Maarifa. Ada hulipwa kwa kontroo namba. Kwa kawaida muda huisha Februari; anayeingia Machi hulipa zaidi. Nenda kituo cha usajili mapema, kwa sababu siku za mwisho foleni ni ndefu na jina likikosewa herufi, kulirekebisha ni kazi.

La pili, na linalowaangusha watu wazima kuliko mada yoyote, ni kikokotoo. Katika chumba cha mtihani wa hisabati wa kidato cha nne hakiruhusiwi, wala simu. Kinachoruhusiwa ni majedwali ya hisabati ya Baraza la Mitihani. Mtu aliyekaa dukani miaka mitano akijumlisha kwa simu anaona ni jambo dogo, mpaka apewe 27.4 × 0.0836 atafute kwa logi, yaani logarithimu za kwenye majedwali. Logi ya 27.4 ni 1.4378. Ya 0.0836 huandikwa 2 yenye kistari juu yake, kisha .9222, maana yake hasi ni ile 2 peke yake na sehemu ya desimali inabaki chanya. Ukijumlisha, .4378 na .9222 zinafanya 1.3600, ile 1 inayobebwa, ukiongeza 1 ya mwanzo, ukiondoa 2, inabaki sifuri. Una 0.3600, na antilogi yake, yaani namba yenye logi hiyo, ni 2.291. Mwanafunzi asiyekielewa kile kistari hugeuza namba yote kuwa hasi na swali zima linakufa. Kwa hiyo nunua kijitabu cha majedwali siku ileile unayoanza kusoma, na kikokotoo ukifungie kabatini hadi Novemba. Wiki tatu za kwanza mikono itakuwa mizito. Vumilia, inazoea.

La tatu ni fomati, yaani mpangilio wa maswali na alama zake. Baraza hutoa fomati ya kila somo, na imo kwenye tovuti yao bila malipo. Kwa fomati niliyofanyia mimi, Hisabati ina maswali 14 kwa saa tatu: sehemu A maswali 10 ya alama 6 kila moja, sehemu B maswali 4 ya alama 10 kila moja, na yote ni ya lazima. Ukigawa dakika 180 kwa alama 100, swali la alama 6 lina kama dakika 11, la alama 10 dakika 18. Jipime kwa saa ya ukutani tangu Juni, usingoje Oktoba. Mtaala ulioboreshwa umeanza kuingia madarasani tangu 2024, hivyo hakikisha fomati uliyonayo ni ya mwaka wako, usitegemee ya kaka yako.

Kufaulu kwa D kunaanzia alama 30, na C inaanzia 45. Nalitaja hili kwa sababu wengi wanataka kumaliza mada zote kwa kasi ya shuleni, wakaishia kuzijua zote nusunusu. Anza na zile unazoweza kuzikamilisha hadi hatua ya mwisho: takwimu, hesabu za biashara, matriki, seti. Halafu ongeza dunia kama tufe, mada ambayo watu huiogopa bure. Sisi tunaweza kuisomea hapahapa. Tanga iko karibu nyuzi 5 na dakika 4 Kusini, Dar es Salaam karibu nyuzi 6 na dakika 49, na longitudo zao zinakaribiana. Tofauti ni nyuzi 1 na dakika 45, yaani dakika 105, kwa kuwa nyuzi 1 ina dakika 60. Kila dakika ni maili moja ya baharini, kilomita 1.852, kwa hiyo umbali ni kama kilomita 194. Basi linatembea kama kilomita 350 kwa sababu barabara inazungukia Segera na Chalinze. Niliwahi kumfundishia hesabu hii dereva wa bajaji, na tangu siku hiyo hakukosa swali lake.

Pasti pepa kila mtu anazo. Ambacho wengi hawakifungui ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo Baraza huzitoa kwa kila somo baada ya mtihani. Humo utaona majibu halisi ya watu waliokosa na waliopatia, na maelezo ya kwa nini. Kwa anayesoma bila darasa, hii ndiyo nafasi ya kuchungulia madaftari ya wenzake. Vitabu vya kiada navyo vimo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Pakua ukiwa na bando, usome baadaye.

Mtihani ni wa Kiingereza. Tenga kurasa za mwisho za daftari kwa maneno ya Kiingereza ya maagizo, yale ya kokotoa, thibitisha, rahisisha, chora, na uandike kila moja linakutaka ufanye nini.

Kwa mahali pa kusomea, Maktaba ya Mkoa pale mjini ina utulivu ambao nyumba nyingi za Makorora na Mabawa hazina. Mwenye kazi ya mchana atumie saa moja baada ya swala ya alfajiri, joto halijapanda na watoto wamelala.

Wiki moja kabla ya mtihani, nenda kituo chako cha mtihani kwa miguu au kwa baiskeli uijue njia, uangalie jina lako ukutani na chumba chako. Andaa kalamu mbili za bluu, penseli iliyochongwa, na mkebe wenye bikari inayokaza, kwa sababu bikari iliyolegea hubadilisha nusukipenyo katikati ya duara.