Kalkulasi ya juu: jinsi ya kujiandaa na UE kwa wiki tatu

Wiki tatu kabla ya UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula chuoni, nenda steshenari utoe kopi za pasti pepa (mitihani iliyopita) za miaka 5 pamoja na karatasi zote za maswali ya semina. Chukua zisizo na majibu. Madesa (makaratasi ya kusomea yanayopigwa kopi) yenye majibu ya mkono hurithishwa mwaka hadi mwaka, na kosa la aliyeandika kwanza hurithishwa nayo. Isitoshe, jibu likiwa pale chini ya swali, jicho halitulii.

Siku ya kwanza usikokotoe chochote. Pitia kila swali, andika mada yake pembeni kwa penseli, kisha hesabu mada ipi imejirudia mara ngapi. Hesabu hiyo ndiyo ratiba yako: mada iliyotoka mara 5 ipewe siku 3, iliyotoka mara moja ipewe jioni moja.

Namna ya kusoma ni hii. Soma mfano mmoja uliokwisha kufanywa, funga daftari, fanya jambo jingine kwa dakika 20, halafu uuandike wote upya kwenye karatasi tupu. Pale kalamu inaposimama ndipo usipopajua. Paingize kwenye daftari dogo la makosa lenye safu tatu: swali, mstari uliokosea, na sababu. "Uzembe" haukubaliki kama sababu. "Niligawa kwa x bila kuuliza kama x inaweza kuwa 0" ndiyo sababu, maana unaweza kuitafuta tena kwenye swali lijalo.

Na kosa hilo la kugawa linamaliza watu wengi kwenye vizidisho vya Lagrange, njia ya kutafuta thamani kubwa na ndogo kabisa chini ya sharti fulani. Chukua x² + 4y² ukitafuta thamani kubwa na ndogo kabisa juu ya duara x² + y² = 1. Milinganyo inatoka 2x = 2λx na 8y = 2λy, λ ikiwa ndiyo kizidisho chenyewe. Mwenye haraka anagawa wa kwanza kwa x anapata λ = 1, anagawa wa pili kwa y anapata λ = 4, kisha anaandika kwamba swali halina jibu. Jibu lipo. Kama x si 0, basi λ = 1, na mlinganyo wa pili unalazimisha y = 0; thamani ni 1. Kama x = 0, basi y ni 1 au −1; thamani ni 4. Jizoeze kuhamishia kila kitu upande mmoja, x(1 − λ) = 0, ili hali zote mbili zionekane kwenye karatasi.

Integrali za vigeu viwili zipewe muda mrefu kuliko mada nyingine yoyote, na zisifanywe bila mchoro. Mfano: integrali ya e^(y²), y ikitoka x hadi 1, kisha x ikitoka 0 hadi 1. Kwa mpangilio huo hakuna njia ya kawaida ya kuikokotoa. Chora: eneo ni pembetatu yenye ncha (0,0), (0,1) na (1,1). Ukianza na x, inatoka 0 hadi y, halafu y inatoka 0 hadi 1. Inabaki integrali ya y·e^(y²), ambayo ni (e − 1)/2, takriban 0.859. Wanaoruka mchoro huishia kubadilishana mipaka kama ilivyo, na jibu lao la mwisho linabaki na x ndani. Integrali yenye mipaka ya namba tupu haiwezi kutoa jibu lenye x. Ukiiona, rudi kwenye mchoro.

Kisha pima ukubwa wa jibu. Pembetatu ile ina eneo la 0.5, na e^(y²) ndani yake iko kati ya 1 na 2.718. Kwa hiyo jibu lazima liwe kati ya 0.5 na 1.36. Kipimo hiki hakimalizi hata sekunde 30.

Ukihamia kwenye r (umbali kutoka katikati) na θ (pembe), usisahau r ya ziada: dx dy inakuwa r dr dθ. Wengine hujipima kwa kutafuta eneo la duara, wazo zuri, ila wasichague nusukipenyo cha 2. Ukiwa na r unapata 4π, na ukiisahau unapata 4π vilevile. Tumia 3: sahihi ni 9π, kosa litakupa 6π. Kwa tufe, cha kuzidishia ni ρ² sin φ; ρ ni umbali kutoka katikati, na φ ni pembe inayopimwa kutoka mhimili wa z kwenda chini, 0 hadi π. Anayeipeleka hadi 2π anapata ujazo wa sifuri.

Limiti za vigeu viwili, yaani thamani ambayo fanksheni inaikaribia (x, y) ikikaribia nukta fulani, zina mtego wake. Kwa x²y/(x⁴ + y²), kila mstari ulionyooka unaopita (0,0) unakupa 0. Ukifuata parabola y = x² unapata 1/2. Limiti haipo. Maana yake, kujaribu njia nyingi kunaweza kuthibitisha kwamba limiti haipo, lakini hakuthibitishi kamwe kwamba ipo. Kuthibitisha ipo, bana: |x²y/(x² + y²)| haizidi |y|, na |y| inakwenda sifuri.

Kwa epsiloni na delta, yaani kuthibitisha limiti kwa kuonyesha kwamba x ikiwa ndani ya umbali δ, jibu liko ndani ya umbali ε, zoezi moja likieleweka vizuri mengine hufuata. Thibitisha kwamba x² inaelekea 9 x ikielekea 3. Una |x − 3||x + 3|. Kwanza izuie delta isizidi 1. Hapo |x + 3| ni chini ya 7. Kisha chagua delta iliyo ndogo kati ya 1 na ε/7. Wengi huandika δ = ε/|x + 3|, na swali linaishia hapo, kwa sababu delta hairuhusiwi kutegemea x.

Kanuni ya Green, inayogeuza integrali ya kuzunguka mpaka kuwa integrali ya eneo la ndani, isomwe pamoja na sharti lake: fanksheni ziwe na derivativu endelevu ndani ya eneo lote. Uga wa vekta (−y, x)/(x² + y²) ukizungushwa kwenye duara la nusukipenyo 1 lenye kitovu (0,0) unatoa 2π, ingawa Green ingeonekana kukupa 0. Pale (0,0) pana tundu, maana x² + y² inakuwa 0. Watunzi wa mitihani wanalipenda sana tundu hili.

Diskasheni ziwe za watu 3 au 4. Kumi wakimzunguka anayejua mmoja, hiyo ni kipindi kingine tu. Mmoja asimame ubaoni aeleze kanuni kwa Kiswahili, na masharti yake, bila kusoma. Wengi wetu tulijifunza eneo na mzingo kwa Kiswahili darasa la tano, na anayeshindwa kusema kwa Kiswahili kwa nini ile r ya ziada inaingia huwa amekariri sentensi ya Kiingereza tu. Baada ya hapo iandikeni kwa Kiingereza, maana ndicho kitakachosahihishwa.

Joto la Dar haliendani na uthibitisho mrefu saa 8 mchana. Uthibitisho ufanyike alfajiri, saa 11 hadi saa 2. Mchana ukokotoe, ikiwezekana kwenye maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, iliyofunguliwa 2018. Ukiwa hosteli au nyumbani, chaji simu na taa mapema, umeme hautoi taarifa.

Wiki ya mwisho, fanya pasti pepa mbili kwa saa halisi. Kama ni saa 3 na maswali 5: dakika 10 kusoma, 30 kwa kila swali, 20 kukagua. Dakika 30 zikiisha, hama. Ukikwama, andika kanuni, masharti yake na mchoro wenye mipaka, kisha acha nafasi. Msahihishaji hawezi kutoa alama kwa ukurasa mtupu.

Siku yenyewe, anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto kwa mtihani wa saa 2 asubuhi awe barabarani kabla ya saa 11 na nusu. Anayetokea mjini msimu wa masika aulize kwanza hali ya Jangwani, maana maji yakijaa pale barabara ya Morogoro hufungwa. Kalkuleta ikiruhusiwa, kabla ya swali la kwanza bonyeza sin 1. Ikikupa 0.841 iko kwenye radiani. Ikikupa 0.017 iko kwenye digrii; ibadilishe.