Jinsi ya kukagua mti wa eshi kama una mbawakawa wa kijani

Wengi mlionunua nyumba huku Minnesota, Marekani, mna mti wa eshi (ash) uani na wala hamjui. Sasa kuna mbawakawa wa kijani, Agrilus planipennis, asili yake Asia, aligundulika jimbo la Michigan 2002, hapa kwetu mjini St. Paul 2009, na miti anayoitaka ni hiyohiyo. Mi kazi yangu miti, nakagua hivi.

Kwanza hakikisha ni eshi kweli. Vitawi vinatoka viwili viwili vinatazamana, na kikonyo kimoja kina vijani kibao. Cheki vitawi kadhaa maana vingine huvunjika. Vikiwa vinapishana, sio eshi, lala usingizi.

Pili, anza juu. Watu wanakimbilia kutafuta matundu shinani wakati mdudu kwa kawaida anaanza matawi ya juu, ukikuta tundu usawa wa macho ujue ameshakula miaka kadhaa. Winta ndo poa, majani hamna, chukua darubini utafute mabaka meupe, hapo vigong'ota wamebandua gome la nje wakitafuta funza wa huyo mbawakawa. Hii alama naiamini kuliko zote.

Tatu, tundu. Liwe kama herufi D, upande mmoja umenyooka, upana milimita 3 hivi, duara kamili ni mdudu mwingine. Gome likiwa limepasuka ingiza patasi ulibandue taratibu, chini yake utaona vijia vinapindapinda vimeshindiliwa unga wa mbao, na funza wa rangi ya krimu, bapa, mwili pingili pingili. Huyo ndo muuaji, anakata njia ya chakula cha mti, mbawakawa mzima mwenye kung'aa anatafuna majani tu na hasara yake ndogo.

Nne, amua mapema. Kama juu bado kumejaa majani, mwenye leseni achome sindano ya emamectin benzoate, dawa ya kuua wadudu, kwenye shina, spring majani yakishatoka, inakaa miaka 2 au 3 afu unarudia. Nusu ya juu ikishakauka usitupe hela, kata. Na usisubiri ufe wote, eshi iliyokauka inakatika hovyo, mafundi wa kukwea miti wanagoma, inabidi ije kreni na bei inapaa balaa.

Mwisho kuni. Usizibebe kwenda kempu hata kidogo, funza bado wamo chini ya gome. Jirani akizitaka azichome hapohapo mtaani.