Kipaji maalumu au praiveti? Jinsi ya kuamua ukiwa mzazi wa huku Nyanda za Juu Kusini

Kila Desemba TAMISEMI wakishatoa majina ya fomu wani simu yangu haipumziki, maana hapa Uyole watu wanajua binti yangu alisoma Kilakala na mdogo wake nikampeleka praiveti hapa hapa Mbeya, basi kila mwenye mtoto aliyepata bweni la serikali ananipigia, dada nifanyeje, kule nimeshalipa na huku jina limetoka. Nimeona niandike yote mara moja.

Mimi ilinikuta. Novemba nilishalipa awamu ya kwanza kwenye shule moja ya binafsi, jina nitaliacha, sweta limeshashonwa na tranka ipo chini ya kitanda, katikati ya Desemba jina la mtoto linatoka Kilakala. Nikaenda kuomba nirudishiwe hata nusu. Mhasibu akaigeuza risiti yangu akaniwekea kidole upande wa nyuma, maandishi madogo ya bluu, ada ikishalipwa hairudishwi. Nilitoka pale miguu mizito, ile ilikuwa hela ya viazi vya msimu mzima. Kwa hiyo la kwanza kabisa, kaeni chini mapema, mtoto akishamaliza pepa za la saba mwezi wa tisa muanze kuongea, na shule binafsi yoyote muulize mhasibu uso kwa uso, mwanangu akipangiwa serikalini hela yangu inakuwaje, na jibu akupe kwa maandishi. Zipo zinazokata kidogo na kukurudishia iliyobaki, zipo zinazokubali ulipie fomu na usaili tu ukasubiri majina. Ukiuliza baada ya kulipa umechelewa.

Tuelewane tunaongelea shule zipi. Za vipaji maalumu, yaani zile za bweni za serikali zinazochukua waliofaulu sana la saba, ni saba tu nchi nzima: Ilboru Arusha, Kibaha Pwani, Mzumbe na Kilakala Morogoro, Msalato Dodoma, halafu Tabora ziko mbili, ya wavulana na ya wasichana. Mbeya hakuna, Iringa hakuna, Njombe, Songwe, Rukwa, Ruvuma hakuna. Kwa hiyo kwetu sisi kipaji maalumu maana yake ni safari. Na huko hakuna kununua fomu wala usaili, ni alama za la saba basi, masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Mtu akikupigia anasema ana nafasi ya Ilboru anaiuza, huyo ni tapeli, kata simu. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya Kiingereza naye anagombania nafasi hizo hizo, watu wengi hawalijui hilo wanadhani akishasoma praiveti serikali haimtaki.

Katikati hapo zipo za bweni za ufundi, na hizo tunazo, Iyunga hapa Mbeya na Ifunda kule Iringa. Upande wa binafsi nako msidhani hakuna mchujo, masista wa St. Francis Girls hapa Mbeya wana mtihani wao wa kuingia na sio wa mchezo, na Mafinga Seminari ni ya vijana wa kiume wanaolelewa kuelekea upadre, sio kila mwenye ada anaingia.

Sasa swali lenyewe. Wazazi wengi wananiuliza ipi inafaulisha. Jamani, ukichukua watoto waliochujwa nchi nzima ukawaweka darasa moja lazima wafaulu, na praiveti kubwa zinafanya hivyo hivyo. Mimi nauliza kitu kimoja tu, mwanangu akiteleza, shule hii itamfanya nini?

Maana atateleza. Binti yangu shule ya msingi alikuwa wa kwanza kuanzia la tatu mpaka la saba, hajui namba mbili inafananaje. Juni ya fomu wani akarudi likizo, anaongea habari zote, chakula, marafiki, milima ya Uluguru asubuhi ilivyo, ripoti haitoi. Nikaja kuikuta mwenyewe nafua, kaikunja mara nne ndogo kama tiketi ya daladala, kaiingiza mfuko wa sketi. Wa sabini na kitu. Hesabu 41. Alilia mpaka akashikwa na kwikwi, ananiambia mama kule wote walikuwa wa kwanza. Nilipompigia mwalimu wake wa darasa akanijibu taratibu kwamba fomu wani wengi wanapitia hapo, asubiriwe, na yupo dada wa fomu thrii anamfundisha hesabu jioni. Hakuna aliyetaja kuhamishwa. Fomu tuu akapanda, fomu foo akatoka na wani nzuri tu. Huo ndio uzuri wa kule ambao haupo kwenye matokeo, mtoto akianguka anaangukia katikati ya watoto wenzake wanaosoma, na nafasi yake inabaki yake.

Mtoto wa dada yangu alikuwa praiveti, wastani wa shule ni 60, chini ya hapo barua. Fomu tuu akapata 57. Wakaitwa wazazi wakaambiwa mtoto mzuri ila hapa hapamfai, mtafutieni kwingine. Dada alikuwa ameshalipa karibu miaka miwili, akaanza kuzunguka na kijana shule hadi shule na fomu ya uhamisho mkononi, na kijana kajiona mjinga, ilichukua muda mrefu kumrudisha. Shule yenyewe mwaka ule ikatundika bango kubwa barabarani, hakuna sifuri hakuna foo. Ndio, kwa sababu wa kupata foo walishaondolewa.

Sio praiveti zote ziko hivyo, nyingine zinamshika mtoto mkono kweli kweli, ya mwanangu mdogo ni mojawapo. Utajuaje sasa? Fanya hivi, ni bure, bando tu. Ingia tovuti ya NECTA, fungua matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya mwaka mmoja, tafuta shule unayoitaka, hesabu watoto. Halafu fungua kidato cha nne cha miaka miwili mbele, shule hiyo hiyo, hesabu tena. Tuseme fomu tuu 2022 walikuwa 96, fomu foo 2024 wako 70. Hao 26 wako wapi? Wawili watatu kuhama ni kawaida, wazazi wanahamishwa kikazi, watoto wanaugua, ila robo ya darasa haiwezi kuhama kikazi. Ukiona hivyo nenda shuleni ukaulize, na angalia anavyojibu mkuu wa shule.

Ukiwa hapo hapo kwenye matokeo usiishie kuhesabu divisheni wani, maana wani inaanzia pointi 7 mpaka 17 na hizo mbili haziko sawa hata kidogo. Shuka na safu ya hesabu na fizikia, mtoto mmoja mmoja, uone A ngapi na D ngapi. Na ujue kwamba kuanzia matokeo ya 2022 NECTA waliacha kutangaza shule kumi bora, kwa hiyo mtu akikwambia mwaka jana tulikuwa topu teni muulize hiyo topu teni kaitangaza nani.

Hela. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanaumia. Olevo ya serikali haina ada tangu 2016 na advansi ilifutiwa ada 2022, ila usijidanganye kwamba hutoi kitu, ile fomu ya maelekezo ina orodha ndefu, godoro, mashuka, ndoo, chandarua, madaftari, rimu, viatu, na nauli. Praiveti piga hesabu ya miaka minne, usipige ya mwaka mmoja. Kama ada ni milioni mbili na nusu, hiyo ni milioni kumi mpaka fomu foo, bado hujaweka michango, bado mdogo wake hajafika la saba. Na angalia ada inaangukia mwezi gani. Awamu kubwa ni Januari. Wewe mkulima wa mahindi unavuna Juni Julai wakati kila mtu anauza, bei iko chini, ukiuza yote Januari ghala tupu, na bei ndio inapanda. Wenye parachichi Rungwe na Njombe nao wana miezi yao. Nendeni kwa mhasibu mkamwambie hela yangu inaingia mwezi fulani, tukubaliane awamu zifuate hapo, wengine wanakubali. Kama hawakubali na huna mshahara, fikiria vizuri sana, mtoto kurudishwa ada katikati ya mitihani akakaa nyumbani wiki mbili inamrudisha nyuma kuliko kusoma shule yenye jina dogo.

Safari nayo ni hela na ni roho juu. Mbeya Morogoro ni siku nzima, unatoka alfajiri, Makambako, Mafinga, Iringa, unashuka Kitonga na malori yamejipanga, Mikumi, ndio uingie. Mwenye kijana Mzumbe anashukia Sangasanga kabla ya kufika mjini. Likizo ndefu ni Juni na Desemba, zile fupi mtoto hawezi kuja Mbeya akarudi, kwa hiyo tafuta ndugu au mtu wa kanisani kwenu Morogoro mapema wa kumpokea, na wa kukimbilia shuleni usiku akiumwa. Na ataumwa, watoto wetu wa baridi, wa Makete, wa Njombe, wa Umalila, mbu hawamjui, akifika joto la Morogoro mwezi wa kwanza tu malaria. Chandarua kiwe cha dawa, na mfundishe akisikia kichwa na baridi asijikaze, aende kwa matroni kupima siku hiyo hiyo.

Kuna watoto ambao umbali huo hauwafai, na hapa usione aibu kukataa jina kubwa. Mwanangu wa pili alipangiwa Ifunda, alikuwa anaitamani mno maana anapenda umeme, redio zote za nyumbani alishazifungua. Ila ana pumu. Usiku ikimbana anahitaji mtu anayejua dawa iko wapi na hospitali iko karibu. Tukamweka praiveti ya Mbeya, dakika ishirini kutoka nyumbani, shule ndogo, patroni anamjua kwa jina. Alinunanuna muhula mzima na mimi iliniuma, mpaka leo nikimuona anachokonoa nyaya naumia, lakini mara mbili nimepigiwa simu saa nane usiku na mara zote mbili nilifika. Kwa hiyo mwangalie mtoto wako na sio wa jirani. Anafua mwenyewe? Akiishiwa sabuni anasema au anakaa kimya? Bado anakojoa kitandani? Muulizeni na yeye mwenyewe, baba na mama msibishane chumbani mkaja kumtangazia. Binti yangu nilimuuliza tunamenya viazi, akanyamaza kidogo akasema kule nitakuwa na watu wa kushindana nao, nikajua huyu aende.

Kiingereza, kwa kifupi. Aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili itamsumbua kote kote, sio praiveti tu. Ile miezi ya Oktoba mpaka Desemba usimwache akazurura, asome kozi ya maandalizi hata ya mtaani, kamusi awe nayo, vitabu vya fomu wani vya sayansi aanze kuvisoma taratibu.

Wenye watoto wadogo sikieni hili. Walioanza la tatu 2024 na mtaala mpya wanamaliza la sita 2027, na waliokuwa la nne mwaka ule wanamaliza la saba 2027 hiyo hiyo. Januari 2028 wanaingia fomu wani wote, madarasa mawili kwa mpigo. Nafasi za bweni zitagombaniwa, na praiveti zitajaa mapema. Mwenye mtoto kwenye makundi hayo aanze kuweka akiba sasa hivi na aende kuzitembelea shule mwaka mmoja kabla.

Na ambaye jina halikutoka asimlaumu mtoto. Mlango wa pili upo fomu faivu, matokeo ya fomu foo ndiyo yanaangaliwa, na aliyesoma praiveti olevo anapangiwa serikali advansi kama kawaida, Mzumbe, Kibaha, Tabora, kokote, ilimradi ajaze machaguo yake vizuri akiwa fomu foo na tahasusi aliyoifaulu. Wapo wengi wanafanya hivyo makusudi, miaka minne karibu na nyumbani, miwili ya mwisho mbali akiwa ameshakomaa.

Ukishaamua kipaji, soma fomu ya maelekezo hadi ukurasa wa mwisho, ina tarehe ya mwisho ya kuripoti na ukichelewa ni maelezo marefu. Mpeleke mwenyewe ile mara ya kwanza, ulale Morogoro usiku mmoja, asubuhi urudi kumuona kabla hujapanda basi. Godoro kanunue kule kule mjini, mimi nilitoka nalo Mbeya kondakta akanilipisha kama abiria na likafika limelowa.