Kisiwa chenu kina upepo? Anzeni hapa kabla ya kununua mtambo wa haidrojeni

Watu wakisikia haidrojeni, gesi inayotolewa kwenye maji kwa umeme, wanakimbilia kuulizia bei ya mtambo, subirini kwanza. Pimeni upepo mwaka mzima, kwenye kimo kile kile mapanga ya mtambo wa upepo yatakapozunguka, manake kasi ikipungua nusu nguvu inabaki moja ya nane tu. Sisi wa mwambao kusi na kaskazi tunazijua, ila zitakazowaumiza ni zile wiki za tanga mbili, bahari imelala shwari na mapanga yamesimama.

Halafu pigeni hesabu ya ziada, yaani umeme unaobaki watu wakishatumia. Eday, kimoja cha visiwa vya Orkney kule Scotland, wana mtambo wa upepo wa kijiji wa kilowati 900, na ulikuwa unazimwa upepo ukiwa mzuri kabisa kwa sababu waya za kutoa umeme nje zilikuwa zimeshajaa. Inauma sana hiyo! Ikawekwa elektrolaiza ya kilowati 500 inayopasua maji kwa umeme ule uliokuwa unapotea, gesi ikawa inashindiliwa kwenye mitungi, mitungi inapandishwa feri mpaka mji wa Kirkwall, na pale bandarini fueli seli, kifaa cha kugeuza haidrojeni kuwa umeme, ikawa inazipa umeme feri zikiwa zimefunga gati. Kama nyinyi ziada hamna, msianze.

Manake haidrojeni inakula umeme jamani. Kilo moja inataka kama uniti 55, ukiirudisha kuwa umeme unapata 16 hivi, wakati betri inakurudishia zaidi ya 80 kwa kila 100. Kwa hiyo usiku mmoja waachieni betri, haidrojeni iwe ya siku kadhaa za shwari au ya vyombo vya baharini. Kisiwa cha Utsira, Norway, walianza hivyo mwaka 2004 kwa nyumba 10, upepo ukikata walikuwa wanaendelea kupata umeme siku mbili tatu.

Maji ni lita 9 kwa kilo, na zaidi ukihesabu yanayopotea kwenye kusafisha. Ya bahari toeni chumvi kwanza, la sivyo mtambo unakufa.

Usalama sasa, hapa nawaomba sana. Gesi hii haina rangi wala harufu, mwali wake mchana karibu hauonekani, na ikifika asilimia 4 tu hewani inaweza kuwaka. Gesi ya kupikia inatambaa chini, hii inapanda, kwa hiyo banda liachwe wazi kileleni na vifaa vya kunusa gesi vifungwe juu kabisa, na fundi aliyezoea mitungi ya jikoni asiguse bomba hata moja kabla hajafundishwa.