Vipimo vya homoni za uzazi kwa mwanamke: siku ya kupima na namna ya kusoma majibu

Jibu la homoni lisilo na siku ya mzunguko halisomeki. FSH (homoni inayokuza mayai) ya 12 siku ya 3 inatia wasiwasi, lakini 12 hiyo hiyo siku ya 14 yaweza kuwa ya kawaida, maana FSH hupanda pamoja na LH (homoni inayochochea yai kutoka) yai linapokaribia kutoka. Kwa hiyo anza na kalenda. Siku ya 1 ni ile damu ilipoanza kutoka vizuri. Matone ya kabla yake hayahesabiwi.

Siku ya 2 hadi ya 4 hupimwa FSH, LH na estradioli (aina kuu ya estrojeni), zote kwa damu ya siku moja. FSH ikizidi 10 IU/L huashiria kuwa akiba ya mayai inapungua. Estradioli isiachwe: ikiwa juu, tuseme zaidi ya 80 pg/mL, huikandamiza FSH, na jibu likaonekana zuri kumbe sivyo.

Projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, ndiyo inayokosewa zaidi. Fomu nyingi huandikwa “siku ya 21”, na hiyo inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28 tu. Chukua urefu wa mzunguko wako, toa 7: wa siku 35 apime siku ya 28. Akipima ya 21, yai ndiyo kwanza linatoka, na ataambiwa halipevuki. Kama hedhi haitabiriki, rudia kipimo kila wiki mpaka ije. Kisha andika tarehe iliyoanza. Sampuli ya kuaminika ni ile iliyotangulia hedhi kwa siku kama 7.

Projesteroni ikizidi 3 ng/mL, yai limetoka. Angalia kizio, kwa sababu maabara nyingine hutumia nmol/L, na 3 ng/mL ni karibu 10 nmol/L. Yaani 9 ya maabara moja ni jibu zuri, na 9 ya nyingine haijafika. Usilinganishe karatasi mbili kabla hujasoma herufi zilizo pembeni ya namba.

Prolaktini (homoni ya maziwa) ipimwe asubuhi, muda wa saa mbili au tatu baada ya kuamka, ukiwa umepumzika. Msongo, kuguswa chuchu, dawa kama metoklopramaidi (ya kichefuchefu) na tezi ya thairoidi inayofanya kazi chini ya kiwango huipandisha. Ikizidi kidogo, rudia kipimo kwanza kabla ya kuanza dawa, na TSH (kipimo cha thairoidi) ipimwe pia.

AMH, homoni inayotolewa na vifuko vidogo vya mayai, hupimwa siku yoyote. Huonyesha idadi ya mayai yaliyobaki, si ubora wake, na ndiyo maana hutumika zaidi kupanga dozi za dawa za kuchochea mayai katika upandikizaji wa mimba (IVF). AMH ndogo haimaanishi huwezi kushika mimba kwa njia ya kawaida; wanawake wengi huogopeshwa bure hapa.

Ukiwa unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, FSH, LH na estradioli havisomeki, na AMH yaweza kushuka. Baada ya sindano ya uzazi wa mpango ya Depo, mayai yaweza kuchukua miezi kadhaa kuanza kupevuka tena. Biotini, iliyomo katika vidonge vingi vya nywele na kucha, hupotosha baadhi ya mashine za maabara. Mwambie mchukua damu, na iache siku 2 au 3 kabla.

Homoni zote zikiwa sawa, mirija ya uzazi bado haijaonekana, wala mbegu za mume hazijahesabiwa. Kipimo cha mbegu kifanyike mwanzoni kabisa, pamoja na hivi vya kwako.